Mkwaju mmoja

Saa tano kasoro robo usiku, Jumapili, nyumbani kwangu Ntinda, niliandika `mv /lib64 /lib64.zamani` nikabonyeza Enter.

Nilichokusudia ni `mv lib64 lib64.zamani`. Bila mkwaju, ile alama `/` ya mwanzo, ambayo humaanisha mzizi wa mfumo mzima. `mv` inabadili jina la folda. Nilikuwa ndani ya folda ya programu moja ya uhasibu, na humo kuna folda ndogo ya maktaba kuukuu nilizotaka kuziweka kando kabla ya kuleta mpya. Mkwaju ule wa mwanzo uliandikwa na kidole kilichozoea. Kichwa hakikuwapo.

Amri haikulalamika. Ukiwa ruti (root), msimamizi mwenye ruhusa zote, hakuna wa kukulalamikia.

Nikaandika `ls`, amri ya kuorodhesha faili. Seva ikanijibu kwamba hakuna faili wala folda ya jina hilo. Nikadhani nimekosea herufi, ingawa sijui mtu anakoseaje herufi mbili. Nikaandika tena, safari hii kwa njia yake kamili, `/bin/ls`. Jibu lile lile. Nikajaribu `cp`, nikajaribu `cat`. Kila niliyemwita aliambiwa hayupo.

Wote walikuwapo. Aliyekosekana ni kiunganishi, `ld-linux-x86-64.so.2`, kinachozipatia programu maktaba zake, na ambacho anwani yake imechorwa ndani ya tumbo la kila programu: `/lib64`. Kiini cha mfumo kinafungua `ls`, kinasoma anwani ile, kinakwenda kubisha hodi, hakuna nyumba. Kisha kinarudi kukuambia faili haipo bila kukuambia ni faili gani. Nimekuwa nikitukana ujumbe ule kwa miaka, ila usiku huo sikuwa na nguvu za kutukana.

Seva iko Arua.

Kati yangu na yenyewe kuna Luwero, Karuma, Pakwach, Nebbi, na mabasi ya usiku yalikuwa yamekwisha ondoka. Ni mashine ya sacco moja ya wakulima, na saa mbili asubuhi watu wangepanga foleni kuchukua karo za watoto.

## Waliobaki hai

Sheli yangu (ya kompyuta, inayopokea amri ninazoandika, si ile ya kujazia mafuta) ilikuwa imekwisha pakiwa kwenye kumbukumbu kabla sijaharibu kitu, kwa hiyo iliendelea kupumua. Amri zilizomo ndani yake zilifanya kazi. `cd` ilikwenda. `echo` ilisema. Nikaandika `echo /*` na majina ya folda zote za mzizi yakajipanga kwenye mstari mmoja, `lib64.zamani` ikiwa katikati yao, imetulia kama mtoto aliyevunja sahani.

Niliiona. Sikuwa na mkono wa kuirudisha.

Bahati yangu ya kwanza: mwanzoni mwa kazi niliandika `sudo -i`, nikawa ruti moja kwa moja. Kama ningekuwa mtu wa kuomba `sudo` kwa kila amri, kama ninavyowashauri wengine, ningekuwa nje, maana `sudo` nayo ni programu kama nyingine na ilikuwa imekufa. Bahati ya pili: dirisha lilikuwa bado wazi. Nilijaribu kufungua la pili nikafukuzwa mlangoni, kwa sababu `sshd`, programu inayowapokea wanaoingia kutoka mbali, hujiita upya kwa kila mgeni anayefika, na kujiita upya kulikuwa hakuwezekani tena.

Dirisha moja, basi. Na dirisha hilo lilikuwa linaning'inia kwenye intaneti ya simu yangu, ambayo ina tabia mbaya: ukipiga au ukipigiwa, intaneti inasimama mpaka simu ikatwe. Niliomba nisipendwe na mtu yeyote kwa saa moja.

Hapo ndipo nilipokumbuka `/sbin`.

Nilifundishwa, zaidi ya miaka kumi iliyopita, kwamba s ya `sbin` ni ya statiki. Kwamba humo ndani zinawekwa programu zilizobeba chakula chao chote, zisizoazima chochote kwenye maktaba ya pamoja, ili siku ya msiba ziwe na uwezo wa kusimama peke yake. Niliamini. Niliwafundisha na wengine. Nikaingia humo kama mtu anayekimbilia akiba yake ya chini ya godoro.

`/sbin/fsck`, hayupo. `/sbin/ip`, hayupo. `/sbin/mkfs`, hayupo. Nikajaribu hata `/bin/busybox`, ambayo watu wote wanaijua kama kisu cha kazi zote. Hayupo. Kumbe Debian, Linux iliyo kwenye seva ile, ina vifurushi viwili: `busybox` ya kawaida inaazima maktaba kama wengine, na `busybox-static` ndiyo isiyoazima. Mimi nilikuwa na ya kwanza.

Katika folda nzima aliitika mmoja tu niliyemgusa: `ldconfig`. Niliandika `ldconfig -p` ikanimwagia orodha ndefu ya maktaba zote za mashine, zikiwa salama kabisa kwenye `/lib/x86_64-linux-gnu`. Yeye ni statiki kweli, kwa sababu kazi yake ni kupanga maktaba na hawezi kuzitegemea. Lakini hajui kuhamisha folda.

## Simu ya askari

Nilishuka hadi getini, laptopu wazi juu ya mkono mmoja kama sinia, simu mfukoni, nikamwomba askari wetu simu yake. Akasema ina salio la kupiga mara moja tu, na ni la mke wake. Nikamwahidi mara tatu yake.

Nilimpigia Hajji. Hajji ni mtu wa Bombo, amestaafu, na miaka ya tisini alihudumia mashine za kampuni ya Sun hapa Kampala. Ndiye aliyenifundisha habari ya s.

"Hajji, asalaam aleikum. Samahani kwa usiku."

"Aleikum salaam. Nani amefariki?"

"Seva."

Akapumua. "Sheli yako bado inakujibu?"

"Inajibu."

"Wewe ni ruti?"

"Ndiyo."

"Basi una wasiwasi wa nini? Ingia sbin, mle mna statiki."

"Nimeingia, Hajji. Zimekufa."

"Zote?"

"Kasoro ldconfig."

Alinyamaza mpaka nikaogopa salio la mke wa askari limekwisha. Halafu akauliza, taratibu, kile kiunganishi chenyewe kiko wapi sasa hivi. Nikamwambia kiko kwenye `lib64.zamani`, hakijaguswa.

"Na chenyewe nani anakiunganisha?"

Sikuelewa.

"Mwanangu, kile nacho ni programu. Hakina wa kukibeba, kinajibeba. Kiite kwa jina lake kamili, halafu kikabidhi mv."

Niliweka laptopu juu ya kiti cha askari nikaandika kwa kidole kimoja:

`/lib64.zamani/ld-linux-x86-64.so.2 /bin/mv /lib64.zamani /lib64`

Sheli ikarudi kimya. Nikaandika `ls`.

Majina yakatoka.

## S ya nini

Ningeweza kuishia hapo. Kazi ilipona, asubuhi watu walichukua karo zao. Lakini wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, na kila nikikaa kwenye taksi kutoka mjini swali lile lile linarudi: niliaminije kitu kwa zaidi ya miaka kumi bila hata siku moja kukiuliza kwa `ldd`? Ni amri ya sekunde mbili. Unaipa jina la programu, inakuambia inaazima wapi.

Na jambo baya zaidi ni kwamba Hajji hakunidanganya.

Kwenye mashine zake ilikuwa kweli. SunOS 4.0, mfumo wao wa mwaka 1988, ndio ulioleta maktaba za pamoja kwa Sun, na maktaba hizo zilikaa `/usr/lib`. Hata `/bin` yao ilikuwa kiungo tu kinachoelekea `/usr/bin`. Sasa fikiria mashine inaamka asubuhi, `/usr` iko kwenye diski nyingine, au hata kwenye mashine nyingine upande wa pili wa waya, na haijapachikwa. Nani ataipachika? `mount` iliyo ndani ya `/usr`? Ndiyo maana wakaweka `/sbin` kwenye diski ya mzizi, na ndani yake wachache wa kuamshia mashine, wamefungwa statiki: sheli, `mount`, `ifconfig` na wenzao. Hajji bado anasimulia jinsi vijana walivyokuwa wakigombezwa kwa kumbadilishia ruti sheli yake kutoka `/sbin/sh` kwenda kwenye sheli tamu zaidi iliyokaa `/usr`. Siku `/usr` inagoma, ruti hana pa kuingilia.

Halafu Sun wenyewe wakaacha. Solaris 10, mfumo wao wa baadaye, mwaka 2005, ilikuja bila libc (maktaba ya msingi ya C) ya statiki kabisa. Maktaba zilizohitajika kuamshia mashine zilihamishiwa `/lib`, na wakazi wa `/sbin` wakaanza kuazima kama watu wengine.

Jina la folda halikubadilika hata herufi moja.

Upande wa Linux, ahadi hiyo haikuwahi kuandikwa. Kanuni za mpangilio wa folda zinasema `/sbin` ni ya zana za msimamizi, basi. S ya sistimu. Kazi ya uokoaji ilipewa initramfs, kile kifolda kidogo kinachopakiwa kwenye kumbukumbu kabla ya diski halisi kuguswa. Na kwa kuwa initramfs ndiyo inayopachika `/usr`, sababu ya kutenganisha ikafa. Fedora 17, Linux nyingine, ya mwaka 2012 ikaunganisha `/bin` na `/usr/bin`. Debian ikafuata kwa mashine mpya kuanzia toleo la 10. Fedora 42, mwaka 2025, ikaimeza hata `sbin` ndani ya `bin`. Hiyo `/lib64` niliyoisogeza mimi haikuwa folda hata kidogo, ilikuwa kiungo kinachoelekea `usr/lib64`. Nilikata kamba ya mbuzi, mbuzi mwenyewe alikuwa amesimama pale pale.

Wa BSD, ukoo mwingine wa Unix, ndio walionifanya nifikiri zaidi. OpenBSD hadi leo `/bin` na `/sbin` zake ni statiki. Kwao usiku wangu wa Jumapili ungekuwa kero ndogo. FreeBSD walipokubali maktaba za pamoja kwenye mzizi, toleo la 5.2 mwanzoni mwa 2004, waliwaza msiba kwanza: wakatengeneza folda mpya, `/rescue`. Ndani mna majina zaidi ya mia, `ls`, `mv`, `sh`, `vi`, lakini yote ni faili moja iliyofungwa statiki na kuvishwa majina mengi.

Walipovunja ahadi ya zamani, waliiandikia jina jipya mahali pengine. Nadhani hicho ndicho kilichokuwa kinaniuma muda wote, kuliko hata mkwaju.

## Initramfs haipandi basi

Nilipomsimulia rafiki yangu anayefanya kazi kama yangu, alinijibu bila kunyanyua macho kwenye rolex yake (ya chapati na mayai): washa upya, ingia kwenye initramfs, tengeneza, kwisha. Siku hizi hakuna haja ya statiki.

Ana haki, kama mashine iko chumba cha pili. Initramfs inataka skrini, kibodi na mtu aliyekaa mbele yake. Fleshi ya uokoaji inataka mkono wa kuichomeka. Wenye seva kwenye majumba makubwa ya Ulaya wanalipia skrini ya mbali, wanaiona mashine ikiwaka tangu sekunde ya kwanza. Sacco yetu ina kompyuta ya mezani chini ya kabati la mafaili, betri ya jua, na binti wa kaunta ambaye ni hodari wa mahesabu lakini sitamwomba aandike `mount` kwa simu saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa hiyo uokoaji wangu lazima uwe ndani ya mfumo unaotembea, si kabla yake. Hapo nikaanza kushawishika kufunga kila kitu statiki. Nililipima jambo hilo kwa programu ndogo ya C inayosema jambo tu: ikiazima maktaba ni kilobaiti 16, ikifungwa statiki na glibc, libc ya Linux nyingi, inavuka 700. Diski haijali. Kilichonirudisha nyuma ni habari ya zlib ya Machi 2002. Lilipatikana kosa la usalama ndani ya maktaba ile ya kubana data. Waliokuwa wakiiazima walibadilisha faili moja wakalala. Waliokuwa wameimeza ndani ya programu zao walianza kutafutwa mmoja mmoja, na wengine hawakujua hata kwamba waliimeza.

Chache, basi. Lakini chache zipi, na zikae wapi?

## Mlango kabla ya kisanduku

Nilitengeneza mashine pepe inayofanana na ya Arua nikaanza kuiua kwa makusudi. Nilinakili busybox ya statiki nikaiweka `/rescue`, nikiiga FreeBSD. Kanuni za mpangilio zinakataza programu kujijengea folda kwenye mzizi, na nilifikiria sana `/usr/local/sbin`, ambako msimamizi ana ruhusa. Nilijipa sababu nyingi za kitaalamu za kuikataa, lakini sababu ya kweli ni moja: saa tano usiku, mikono ikitetemeka, nitakumbuka `/rescue`.

Nikaongeza akaunti `toor`, ruti iliyogeuzwa, desturi nyingine ya BSD, sheli yake `/rescue/sh`. Nikasogeza `/lib64`. Nikafunga dirisha langu, jambo ambalo Jumapili ile nisingethubutu. Nikajaribu kuingia.

Nikafukuzwa, bila shaka. Kisanduku cha zana kilikuwa kizima ndani ya nyumba na mlango ulikuwa umekufa. `sshd` ni ile ile.

Nilijiona mjinga, kwa sababu jambo hilo nililiona kwa macho yangu usiku ule na bado nilitumia jioni mbili kutengeneza kisanduku. Nikaanza upya na dropbear, seva ndogo ya ssh, nikaifunga statiki na musl, libc nyingine ndogo, badala ya glibc, kwa kuwa glibc hata ukiifunga statiki bado inataka kuazima maktaba inapotafuta majina ya watumiaji. Nikaivunja mashine tena. Dropbear ikaitika, ikapokea ufunguo wangu, ikanikataa.

Jioni ya nne nikagundua: dropbear inaangalia `/etc/shells`, na `/rescue/sh` haikuwa imeandikwa humo. Mstari mmoja.

Baada ya hapo niliingia kwenye mashine iliyokufa. Nikaandika `/rescue/busybox mv /lib64.zamani /lib64`, nikatoka, nikaivunja tena, nikaingia tena. Nilifanya hivyo mara sita hivi. Ya kwanza tu ndiyo ilikuwa majaribio.

Nilimpelekea Hajji habari hizo Bombo, mwenyewe, na kilo mbili za sukari. Alisikiliza. Nilipomaliza akauliza ni nani atakayeisasisha dropbear hiyo, maana haimo kwenye vifurushi na `apt` haiijui. Nikasema mimi. Akauliza, ukiugua? Nikanyamaza.

"Umeweka ufunguo wa akiba chini ya zulia," alisema. "Sikatai. Lakini zulia liko barabarani au liko uani?"

Hilo nililifanyia kazi. Dropbear sasa inasikiliza ndani ya WireGuard, njia ya faragha kati ya mashine, peke yake, na WireGuard inaishi ndani ya kiini cha mfumo, haiazimi maktaba ya mtu, kwa hiyo njia inabaki wazi hata `/lib64` ikipotea. Swali la kuugua bado sijalijibu.

## Jumamosi, Arua

Nilikwenda na basi. Sikutaka kuweka mlango huu kutoka mbali.

Meneja alinifungulia saa nne, wanachama walikuwa wamekwisha ondoka. Nikaweka vitu vyangu, nikachomeka fleshi ya uokoaji pembeni endapo, nikakaa mbele ya mashine nikaandika amri ile ile, mkwaju ukiwa mahali pake, safari hii kwa kichwa. Enter. `ls`. Hakuna faili wala folda ya jina hilo.

"Mbona unatoka jasho, fundi?" meneja akauliza. "Imeharibika?"

"Nimeiharibu, mama."

"Sasa?"

"Nisubiri kidogo."

Nilitoka hadi kwenye mti wa mwembe uani, nikaingia kwa simu yangu kupitia mlango mpya, nikairudisha `/lib64`, nikarudi ndani. `ls` ikajibu. Nikamwonyesha, ingawa hakukuwa na cha kuona.

Aliangalia skrini, akaniangalia mimi. "Ile Jumatatu ulinipigia saa kumi na mbili na nusu kuniuliza kama mfumo unafunguka."

"Ndiyo."

"Ilikuwa hii?"

"Ilikuwa hii, mama. Nilikosea mimi."

Akachukua funguo zake mezani, akaniambia nimalize kabla ya saa saba, ana mazishi Nebbi.